Ekseli Hadi Ekseli

Jumanne, saa nne asubuhi, jua likiwa kali, binti mmoja aliingia katika karakana moja ya mtaa wa Gerezani nilikokuwa nikisubiri bawaba zangu. Alimkabidhi fundi ubao wa kuteleza kwa magurudumu, ambao bado haukuwa na matundu ya kuyafungia. Alisema Jumapili atashindana nao kwa kupenya kati ya koni.

Fundi aliupima ncha hadi ncha, akatia alama. “Sentimita sabini na tano. Magurudumu tuyafunge kwenye ncha kabisa, huku na huku, utulie.”

“Nikitulia hivyo nitazoa koni zote, mjomba. Pima ekseli hadi ekseli, magurudumu ya mbele hadi ya nyuma, uyasogeze karibu.”

Nje, bajaji iligeuka pale pale lori refu lilipokuwa likihangaika kukata kona. Fundi alitazama, akafuta alama zake kwa kidole gumba.

“Kumbe unataka bajaji. Ungesema.”

“Nimesema, mjomba. Ulikuwa unapima.”

Tumezoea kuulizia urefu wa chombo kabla ya kuuliza kitakata kona gani. Drili iliunguruma kwenye alama mpya: sentimita arobaini na tatu.