Dada Spika

Abiria wengi walimjua kwa sauti tu. Stendi nzima ilimwita Dada Spika, kwa kuwa ndiye aliyetangaza mabasi, akiwa amejifungia kwenye kibanda chenye dirisha dogo. Utotoni kifua kikuu kilimwingia uti wa mgongo, akakua na kibiongo, mbavu za upande mmoja zimebanana. Mwenyewe alijitania: "Nimepewa mzigo, hamali sikupewa."

Umri uliposogea, maneno yakaanza kumkatikia. Alitaja basi, akatafuta pumzi, ndipo akataja saa ya kuondoka. Akawa anaamka na kichwa kinachogonga, mchana anasinzia mbele ya maiki. Mdogo wake, aliyeishi naye, alipoona midomo imekuwa ya buluu, akamburuta hospitali.

"Mapafu yako yamekosa nafasi," daktari akamwambia. "Ukilala unavuta hewa kidogo mno, na ile chafu inakubakia mwilini."

Akapewa mashine ya kumsukumia hewa usingizini, kwa barakoa ya kubana uso. Ilimchubua pua, lakini kichwa kikapona, akarudi kibandani. Alipata miaka mizuri.

Kisha nimonia ikamwangusha. Hospitalini wakampitisha mpira wa hewa kooni, mashine kubwa ikawa inampumulia. Homa ilishuka, lakini kila walipojaribu kuutoa mpira, alizidiwa.

"Tumtoboe shingoni, mashine tuiunganishe hapo," daktari akamwambia mdogo wake. "Ataishi, ila huenda asiongee tena."

"Mwulizeni mwenyewe. Akili zake anazo."

Walipomuuliza, alifumba macho, machozi yakamtiririkia masikioni. Mdogo wake akamshika mkono.

"Dada, ukikataa sitakulaumu. Ukikubali, nipo."

Akaitikia kwa kichwa.

Hakutoka tena wodini. Alijifunza kusema kwa midomo mitupu; mdogo wake akikosea kuisoma, alimkata jicho. Siku nyingine hakutaka kumtazama mtu. Kuna siku aliuliza nani anatangaza sasa.

"Mzee mmoja. Anakohoa ndani ya maiki mpaka abiria wanaruka."

Akacheka bila sauti, mashine ikapiga kengele, nesi akaja mbio.

Maambukizi yakamrudia, na safari hii dawa hazikufua dafu. Alasiri moja, mdogo wake akimfuta uso, moyo wa dada ulisimama. Nesi akazima mashine. Mdogo mtu akabaki na kitambaa chenye maji mkononi, akamalizia kumfuta shingo.