Safari Tulizozipunguza za Nuu

Kazi yangu katika kituo chetu cha utafiti, karibu na Makindu, ni kuhesabu moshi. Ninaandika dizeli ya magari, umeme wa maabara, jenereta, hata ndege za wageni wa mikutano. Wengi hudhani ni hesabu ngumu, lakini ukikaa nami kidogo utaelewa: chochote tunachochoma huacha kitu hewani, na kitu hicho hakiondoki upesi.

Mwaka wa kwanza niligundua kwamba safari za Nuu ndizo zilizokula dizeli kuliko zote. Gari lilikwenda kila wiki, kupitia Kitui na Mwingi, kukagua majaribio ya mbegu za ndengu na kusoma kipimo cha mvua katika shamba la mama mmoja mkulima. Nikapendekeza liende mara moja kwa mwezi, na mama asome kipimo mwenyewe na kunipigia simu.

Dereva wetu hakupendezwa. "Kwa hiyo mimi ni moshi unaotembea?"

"Si wewe. Ni gari."

"Gari bila mimi halitoi moshi wowote. Andika jina langu."

Tulikwenda pamoja kumweleza mama. Alituwekea viti nje ya jiko lake, akaniuliza maswali ambayo hata wenzangu ofisini hawakuwahi kuniuliza. Je, mkaa wake nao unahesabiwa? Na ng'ombe? Kisha akauliza, "Hilo gari likija hapa na kurudi kwenu, ni kama nimechoma nini?"

Nikapiga hesabu. "Kama magunia mawili ya mkaa, mama."

"Na hakuna kilichopikwa?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Nilirudi Makindu nikiwa na furaha ya mtu aliyeeleweka.

Kitu kimoja sikukiweka katika hesabu, kwa sababu fomu yangu haikuwa na nafasi yake. Mama alikuwa na kisukari, na kila gari lilipokuwa likirudi lilimchukua na kumshusha kliniki Mwingi.

Mvua za Novemba zilipoanza, alinipigia kila asubuhi iliyonyesha. Siku moja, baada ya kunisomea kipimo, akasema jembe limemkata kidole cha mguu.

"Nitume gari?"

"Mwalimu, magunia mawili kwa ajili ya kidole?"

Tulicheka wote wawili. Nikamwambia yeye ndiye mwanafunzi wangu bora, nami nilimaanisha. Nikamsihi apande bodaboda aende kliniki. Akasema atakwenda njia ikikauka, kwa maana matope yalikuwa yakiangusha pikipiki. Aliendelea kunipigia, akanipa milimita zake bila kukosea. Kidole hakukitaja tena, nami sikuuliza.

Siku ya gari ilipofika, dereva ndiye aliyenipigia. Alimkuta mama amelala, mguu umevimba mpaka gotini na kidole kimekuwa cheusi. Aliwapakia yeye na mumewe wakaenda Mwingi, na pale wakaambiwa wampeleke Kitui. Mama alikaa hospitalini siku nne, akafariki.

Siku ya mazishi, baada ya wimbo wa mwisho wa kanisa lake, mumewe alinishika mkono akanivuta pembeni. Nilijua ninachostahili kuambiwa.

"Nilimwambia akupigie uje umchukue," alisema. "Akasema tungoje, siku ya gari imekaribia. Akanieleza mambo ya moshi. Hata mimi nimeyaelewa sasa."

"Mzee, nisamehe."

"Ulimfundisha vizuri." Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananishukuru, na mkono wake haukuniachilia mpaka tulipoitwa kula.

Nimejaribu kujieleza mwenyewe jambo hili kwa subira ninayowapa wengine. Hesabu haikuwa na kosa. Moshi ni moshi. Lakini nilimfundisha mtu kile ambacho gari lilichukua, nikasahau kumwonyesha kile lilicholeta, na yeye alikuwa mtu wa kushika neno.

Mwisho wa mwaka mstari wa Nuu katika ripoti yangu ulikuwa umeshuka sana, na wenzangu walinipigia makofi kwenye mkutano. Dereva alikaa nyuma ameinamisha kichwa. Ile safari ya hospitali imo ndani ya hesabu hiyo, kwa kuwa nayo ilichoma dizeli. Niliandika tarehe na kilomita. Kwenye nafasi ya sababu ya safari sijaweza kuandika kitu mpaka leo.