Salamu za Papa kwenye phonie

Saa nne kamili ya asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili, Tantine Fayida aliwasha phonie yake, na benchi zima la watu wa Birere, mtaa wetu wa Goma, likaanza kusikia mambo yasiyowahusu. Nyinyi wa umri wangu mnaikumbuka. Ilikuwa kabla ya simu za mkononi: kisanduku cha chuma chenye kipaza sauti, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili ya eukaliptusi. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Kwa kisanduku hicho mtu wa Goma aliongea na ndugu yake wa Walikale, wa Kisangani au wa Bukavu, dola moja kwa dakika, huku wateja wengine wakisikiliza na kutoa maoni bila kuombwa.

Nimerudi kwenye chumba kile kwa sababu ya swali. Jumamosi vijana wachache wanaoandika huja nyumbani kwangu Mabanga, tunasomeana tulichoandika. Mimi si mwalimu. Shule niliiacha katikati ya sekondari, yaliyobaki nilijisomea mwenyewe. Mwezi uliopita Merveille, msichana wa miaka ishirini mwenye ulimi usiolala, alisikiliza hadithi yangu mpaka mwisho, kisha akaniambia:

"Tantine, maandishi yako iko kavu kama makala ya jiko. Mutu anakufa, na weye unatuambia tu alikuwa anasimama wapi. Hiyo sauti uliitoa wapi?"

Wenzake walicheka. Mimi swali likanishika. Walipoondoka nilitandaza hadithi zangu mezani na kusoma mwanzo wa kila moja. Zote zilianza kwa namna ileile: jina la mtu, mahali alipo, na watu alio nao. Sikuwahi kukusudia hivyo. Nikaona jambo la pili, la ajabu zaidi. Ndani ya kila hadithi kulikuwa na sentensi moja isiyo na kazi. Ukiifuta hakipotei kitu. Nilikuwa nimefuta sentensi nyingi nzuri kuliko hizo, lakini hizo niliziacha, na sikujua kwa nini.

Kwanza nilidhani ni vitabu nilivyosoma. Nikavipitia kimoja kimoja. Hapana, waliovitunga hawaandiki hivyo. Basi nikarudi nyuma ya vitabu, na huko nikamkuta Tantine Fayida.

Alikuwa dada mdogo wa Papa. Uasi wa kwanza ulipoingia mjini nilikuwa na miaka kumi. Shule ilifungwa, askari wakafanya madawati yetu kuni za kupikia, na asubuhi Mama alinituma kwa Tantine ili nisizurure. Tulikuwa na maisha mazuri, hata kama sasa yanaposimuliwa yanaonekana mabaya. Tuliruka kamba juu ya mawe meusi ya volkano, na aliyeanguka alirudi nyumbani bila ngozi ya magoti. Tulinunua sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, za kukaanga ndani ya karatasi, tukala mpaka vichwa, tukafuta mafuta kwenye nywele ili zing'ae. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizojaa kabichi za Masisi ziliteremka kwa kelele za mbao, nasi tulizikimbilia nyuma kwa matumaini kwamba kabichi moja itaanguka. Haikuanguka hata siku moja. Wale jamaa walijua kufunga kamba.

Lakini mchezo uliozidi yote ulikuwa kukaa kwenye phonie na kusikiliza wakubwa wakikosea. Wazee walibonyeza kitufe, wakasema, kisha wakasahau kukiachia. Walishikilia kipaza sauti kwa nguvu na kulalamika, "Mbona banakuwa bubu? Si miye mukubwa wao?" Na benchi lote likapiga kelele: "Muzee, acha bouton!"

Kosa jingine lilikuwa salamu. Hapa kwetu mtu hawezi kufikia jambo bila kusalimu, na kwenye phonie dakika haimngoji mtu. Mama mmoja alikuja kutangaza msiba. Alisalimia shemeji, akasalimia watoto wa shemeji, akauliza hali ya mvua, dakika ikaisha, akaenda zake. Upande wa pili walibaki wakifurahi kwamba nyumbani wako salama.

Tantine alikuwa na sheria yake, na aliirudia kwa wateja wote, hata mapadri: "Salamu ku barabara ni ya bure, huku ni ya franga. Sema jina yako, sema kwenye uko, sema benye uko nabo. Kisha sema kitu kenye unatafuta. Salamu itakuya nyuma, kama dakika ingali." Wasiojua kupunguza maneno nilikaa nao nje, nikawasaidia kukata. Nilipofika miaka kumi na mitatu, katikati ya uasi wa pili, niliweza kubana ugomvi wa shamba wa ukoo mzima ndani ya nusu dakika. Nilijivunia kazi hiyo kuliko daraja lolote la shule.

Mtu mmoja tu alishinda sheria ya Tantine: Papa. Alikuwa seremala, mzaliwa wa upande wa Bukavu, na hakuna aliyeweza kumkata. Kila alipoongea na ndugu zake alianza kwa wimbo uleule: "Wazee tunawasalimu, wagonjwa tunawasalimu, wenye kukasirika tunawasalimu, na wale wenye hatujuane tunawasalimu pia!" Tantine alifunika uso. Benchi liliitikia. Mimi niliona aibu mpaka masikioni.

Kisha volkano ikateremka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemsindikiza Papa hadi Keshero, upande mwingine wa mji, kupeleka mlango kwa mteja, na Mama alibaki Birere na mdogo wangu Amani, aliyekuwa bado wa kubebwa. Kabla hatujamaliza kufunga bawaba, watu walianza kupita na magodoro kichwani. Jioni moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukatutenga na nyumbani. Tuliona moshi juu ya Birere na tukasikia matangi ya mafuta yakipasuka. Papa alijaribu njia tatu, zote akakuta ukuta wa mawe mekundu. Tukafuata watu kwenda Sake.

Asubuhi iliyofuata Papa alisema jambo moja tu: "Kama Fayida anaishi, saa nne atawasha."

Sake kulikuwa na phonie ya mzee mmoja, na foleni iliyozunguka nyumba yake. Papa alikuwa na dola mbili mfukoni, malipo ya mwisho ya ule mlango. Zamu yetu ilipofika, mzee akaita kwenye mawimbi ya Tantine. Kelele kama mafuta kwenye kikaango. Akaita tena. Ndipo sauti ikaja kutoka ng'ambo ya mpaka, nyembamba, lakini yake: "Fayida, Gisenyi, kiwanja ya kanisa, niko na batu wengi. Sema."

Papa akashika kipaza sauti. Akavuta pumzi. Akaanza:

"Wazee tunawasalimu..."

Sikuamini. "Papa, uliza Mama!"

"...wagonjwa tunawasalimu, wenye kukasirika tunawasalimu..."

Foleni ilinung'unika. Mzee wa phonie aliangalia saa yake na kunyoosha kidole: dakika ya kwanza imekwisha. Iliyobaki ilikuwa dola ya mwisho. Nikafanya jambo ambalo binti wa kwetu hafanyi: nilimnyang'anya baba yangu kipaza sauti mkononi, mbele ya watu.

"Riziki, binti wa Tomasi. Niko Sake. Niko na Papa, sisi wawili wazima. Tunatafuta Mama na Amani. Kama wako hapo, wasitoke. Terminé."

Nikaachia kitufe. Kikaango kikaendelea kukaanga. Papa alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kuiandika vizuri. Kisha ikaja sauti, wala haikuwa ya Tantine.

"Niko hapa. Amani iko ku mugongo yangu. Mumekula?"

Papa alikaa chini, palepale kwenye vumbi, katikati ya foleni. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Siku chache baadaye tulivuka mawe yaliyokuwa bado yanachoma soli za viatu, tukawapata. Nyumba haikuwepo, wala chumba cha phonie. Tantine alikuwa amebeba kisanduku na betri, akaacha vitenge vyake vyote. Mimi nilingoja kusifiwa. Ujumbe wangu ulikuwa kamili, hata Tantine alikubali. Lakini Mama alitikisa kichwa.

"Majina ilikuwa inaitwa tangu asubuhi," alisema. "Riziki huyu, Tomasi ule. Nilikuwa mbali, ku ukuta, masikio ilishachoka. Nikasikia tu, wenye kukasirika tunawasalimu. Nikasema, huyu mupumbavu ni wangu. Nikakimbia. Wakati weye ulianza kusema, nilikuwa nimeshafika."

Hilo ndilo jibu nililompa Merveille Jumamosi iliyofuata. Ukavu ni wa Tantine Fayida. Sentensi isiyo na kazi ni ya Papa. Nadhani kila hadithi yangu ina mtu aliyekaa mbali ukutani, aliyechoka kusikia majina. Sijui kama waandishi wote wakichimba watakuta chumba kama kile. Ningependa kujua. Nimewaambia vijana wangu watafute chao, wakaitikia kwa adabu, kisha wakarudi kwenye simu zao. Wanatumiana sauti za dakika saba, na katika dakika hizo saba sijasikia jina, wala mahali, wala salamu ya kueleweka. "Allô, beh, unajua nini, ngoja kwanza." Kitufe kinajiachia chenyewe, hakuna benchi la kumpigia mtu kelele, na dakika haiishi. Sioni wivu. Isipokuwa saa nne ya asubuhi, mara nyingine, najikuta nimenyamaza nikisikiliza.

Papa amezeeka, Mama pia, na mambo ya siku ile bado yanawagombanisha wakati wa chakula. Tumeshakubaliana hesabu ya vilivyoungua: nyumba, mbao, vyombo vya useremala na kitanda. Imebaki ile dakika ya kwanza ya Sake. Kwa Papa, anayejilaumu mpaka leo, hasara ni dola moja. Kwa Mama ni sifuri.