Baba alibakiwa na neno moja baada ya stroke, na mimi nikalielewa vibaya

Wakuu, salaam popote mlipo. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari hapa Mbulu mjini. Uandishi si kazi yangu, mtanivumilia. Ila mtakachosoma kimetokea, na sehemu zinazoniaibisha sijazikata.

Kwetu ni Dirma, wilaya ya Hanang. Baba ni Mwiraqw, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mama ni Mrangi wa Kondoa. Walipooana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo sisi tulikuzwa kwa Kiswahili. Kiiraqw baba alikitumia na ndugu zake, basi.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi, baba alidondoka zizini asubuhi. Stroke.

Mkono na mguu wa kulia vikalegea, mdomo ukapinda. Hospitali walimhudumia vizuri, na baada ya wiki kadhaa akawa anatembea kwa fimbo.

Kilichogoma kurudi ni maneno.

Mtu aliyefundisha watoto kusoma maisha yake yote akabakiwa na neno moja tu: "kesho".

Ukimsalimia, kesho. Ukimpa uji, kesho. Akitaka kwenda chooni, "kesho kesho kesho" huku anaonyesha mlango kwa mkono wa kushoto. Sauti inapanda na kushuka kabisa kama mtu anayetoa sentensi kamili. Ukifumba macho unaweza kudhani anakuhutubia kwa lugha usiyoijua.

Majirani wakaanza kusema mzee akili imehama. Wengine walimsemea pale pale mbele yake kama vile hayupo.

Sasa hapa ndipo niliponyea kambi.

Nikaona mama hawezi kumhudumia peke yake, halafu Mbulu hospitali ipo karibu. Nikapanda pikipiki hadi Dirma, nikaketi mbele ya baba, nikamwuliza kwa adabu zote:

"Baba, ungependa kuja kukaa kwangu Mbulu?"

Akanitazama. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Kesho."

Mimi moyoni nikasema asante Mungu, mzee ameridhia, na siku amepanga mwenyewe.

Mama alikuwa anapeta maharage pembeni. Akasema, "Mwanangu, hilo neno analisema kwa kila kitu. Juzi kuku kaingia ndani, kamfukuza kwa kesho hiyo hiyo."

"Lakini mama, amekubali na kwa kichwa."

"Na kichwa nacho sikiamini. Jana nimemwuliza kama ameshiba, kakubali, halafu kalia alipoona natoa sahani."

Sikumsikiliza. Mimi ndiye msomi wa baiolojia, si ndiyo?

Kesho yake nikaja na gari la kukodi. Mama alibaki kwa sababu ya ng'ombe na mavuno, tukakubaliana atafuata baadaye. Baba alishika mlango wa gari kwa ule mkono mzima, hataki kuingia. Nikambandua vidole, kimoja kimoja, nikiamini ni ugonjwa unamfanya vile.

Wakuu, ile picha ya vidole sijaizoea mpaka leo.

Mbulu baridi ikamkuta. Akaacha kula vizuri. Mke wangu alijitahidi kwa kila hali, mzee anageukia ukutani. Anarudia neno lake kwa sauti ya chini, halafu ananyamaza siku nzima.

Ikaja Jumamosi moja. Mke wangu alikuwa anafua uani huku anaimba pambio la kanisani. Ghafla nasikia sauti ya pili, ya kiume, nzito.

Nilitoka ndani mbio. Alikuwa baba. Anaimba, na maneno yote yapo! Ubeti mzima, hajaruka hata silabi.

Mke wangu alikuwa amesimama na nguo inachuruzika mkononi, machozi yanamtoka, lakini hathubutu kuacha kuimba asije akamkatisha.

Pambio lilipokwisha nikamwambia, "Baba, hebu sema yale maneno bila kuimba."

Akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka.

"Kesho," akasema. Akapiga paja kwa hasira.

Jumatatu nikamfuata dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anamshughulikia baba mguu. Ametokea Tanga, ni mtu wa maneno machache. Nikamsimulia.

Akaniambia, "Mwalimu, hiyo inaitwa afasia. Mzee wako hajapotewa na akili, amepotewa na njia ya kuzitoa. Kuongea na kuelewa si kitu kimoja. Umeshawahi kumpima anaelewa nini?"

Sikuwa nimempima. Mwalimu wa sayansi mzima, nimemhamisha mtu wilaya bila kupima.

Ndipo nikaanza kusoma. Kila nikimaliza vipindi nabaki ofisini na simu, bando linaisha naongeza. Nawagawia kidogo, maana mimi mwenyewe nilibaki mdomo wazi.

Karne ya kumi na tisa huko Ufaransa kulikuwa na mgonjwa aliyekaa hospitali miaka mingi akiwa na silabi moja tu mdomoni. Chochote unachomwuliza anajibu kwa hiyo hiyo. Lakini alikuwa anaelewa, na anajieleza kwa ishara. Akikasirishwa sana, tusi linamtoka lote zima!

Alipofariki, daktari mmoja akaangalia ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Hapo ndipo watu wengi wakaanza kukubali kwamba maneno yana sehemu yake kichwani.

Baadaye kidogo daktari wa Ujerumani akaeleza wagonjwa wa namna nyingine. Wanaongea harakaharaka kama maji, ila maneno hayana maana, na unachowaambia hawakielewi. Kidonda chao kipo nyuma zaidi.

Kisha zikaja vita kuu. Vijana wengi wakarudi na majeraha ya kichwa, na madaktari wakalazimika kujifunza namna ya kuwarudishia maneno badala ya kusubiri wafe ndipo wachunguze. Siku hizi kuna mashine zinaonyesha ubongo wa mtu aliye hai, na wanasema lugha haikai chumba kimoja, ni kama mtandao wa njia. Ndiyo maana njia ya kuimba inaweza kubaki wakati ya kuongea imekatika. Na hilo la kuimba si jipya: kabla hata ya yule wa Ufaransa, huko Sweden iliandikwa habari ya mtu asiyeweza kuongea lakini akiimba nyimbo za kanisani anazitamka vizuri.



Halafu kulikuwa na sentensi moja iliyonitoa jasho. Kwamba wagonjwa wengi wa aina hii huchanganya "ndiyo" na "hapana", hata kwa kichwa. Anataka kukataa, kichwa kinakubali.

Mama alishaliona hilo Dirma, na maharage mkononi.

Siku ile ile nikafanya jaribio. Kwanza nikapanga mezani kijiko, ufunguo na chaki. "Baba, nionyeshe chaki." Akaigusa. "Ufunguo." Akaugusa. Nikamwomba vilevile kwa Kiiraqw changu cha kuungaunga. Sawa tu, hakukosea, isipokuwa aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi mwenye lafudhi mbaya.

Kisha nikatoa picha mbili nilizosafisha studio. Moja ya nyumba yangu, nyingine ya kwetu Dirma, mama amesimama uani.

"Baba, unataka kukaa wapi?"

Akaweka kiganja juu ya Dirma.

Nikazibadilisha upande, maana huenda anaelekea kushoto tu kwa sababu ya mkono. Nikauliza tena. Dirma.

Nikazibadilisha mara ya tatu. Hapo mzee aliudhika. Akaichukua ile picha ya Dirma, akaweka kidole juu ya mama, akanisogezea karibu kabisa na uso wangu.

Wakuu, nilipiga magoti. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nilikuuliza, ukajibu, nikasikia ninachotaka mimi."

Akaweka ule mkono wa kushoto kichwani kwangu. Ulitulia pale muda mrefu.

Tulimrudisha Dirma wiki hiyo hiyo. Gari liliposimama mama akatoka, akasema, "Umechelewa, uji umepoa." Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu adondoke.

Sasa niwe mkweli, hakuna muujiza. Dada wa Tanga alitupa mazoezi: tuchukue vitu vya kila siku, tuviimbe, halafu taratibu tupunguze tuni. Mama ndiye mwalimu. Kila asubuhi anaimba "maji", "chai", "fimbo", baba anafuata. Mengine yameshika, mengine yanateleza. Maswali yote yenye uzito tunamwuliza kwa picha, na mara mbili. Majirani nao wameambiwa: mzee anasikia kila kitu, chungeni midomo.

Jambo moja bado linanisumbua. Ukiacha "kesho", neno la kwanza lililomtoka bila wimbo halikuwa la Kiswahili. Ndama aliingia kwenye mahindi, baba akamfokea kwa Kiiraqw, sentensi nzima, ndama akageuka. Mama akabaki ameduwaa.

Nilisoma kwamba watafiti wamebishana kuhusu hili kwa vizazi. Wapo wanaosema lugha ya utotoni ndiyo hurudi kwanza. Wapo wanaosema ni ile uliyokuwa unaitumia zaidi kabla ya kuugua. Na wengine wanasema hakuna kanuni. Sasa baba Kiswahili ndicho alichokitumia nyumbani na darasani miaka yote. Au ilikuwa ni hasira tu, kama lile tusi la Mfaransa? Sijui. Na katika yote niliyosoma sikukutana na mgonjwa hata mmoja wa Kiiraqw, Kirangi wala Kiswahili.

Nilichojifunza: mtu aliyekosa maneno hajakosa mawazo. Na ukimwuliza mgonjwa swali, usikubali jibu la kwanza kwa sababu tu ndilo ulilolitamani.

Wenye wazazi au ndugu waliopitia hali hii naomba mnijuze, na msiogope kuandika kirefu. Mgonjwa wenu alikuwa na lugha ngapi, na ni ipi iliyomrudia kwanza?

Majibu yenu nitamsomea baba. Atayaelewa yote.