Uliza Nyota Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Lodwar, nilimkuta Msimamizi wa Kumbukumbu, Madam Akiru, akipangusa vumbi kwenye kompyuta kwa ncha ya leso. "Ejok," alinisalimu. "Kaa, Ekal. Haiumi."

Skrini ilikuwa nyeusi, ya kuandikia amri tu. Alinifundisha kwamba alama ya nyota husimama mahali pa herufi zozote, na alama ya kuuliza mahali pa herufi moja. Ukiandika A na nyota, unashika kila faili inayoanza kwa A. Ila kabla ya kufuta, tanguliza neno echo. Kompyuta itakutajia majina bila kugusa kitu.

"Uliza kwanza," alisema. "Kikifutwa hapa, hakirudi."

Picha za eksirei tulizipa majina ya wagonjwa. Kwetu Waturkana majina mengi ya wanawake huanza kwa A au N, ya wanaume kwa E au L. Nikazoea hivyo.

Kisha tukahamishiwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi wa mataifa mengi. Wauguzi walikuwa wamenakili picha za wanawake kwenye kompyuta ya wodi ya wazazi, nasi tukaambiwa tuzifute kwetu. Nikaandika A na nyota, nikatanguliza echo kwa mazoea tu. Yakatokea: Abdi, Abdullahi, Ahmed, Akai, Apua.

Madam Akiru akaangua kicheko. "Ekal! Abdi amejifungua lini?"

Mimi sikucheka. Abdi, dereva wa lori kutoka Somalia, alikuwa nje kwenye benchi akikohoa, akingoja daktari alinganishe picha ya kifua chake ya zamani na ya sasa. Ile ya zamani ilikuwa kwetu tu.

"Umeuliza, si ndiyo?" Madam akaniambia, sasa kwa upole. "Basi pumua."

Nimeshastaafu. Juzi, baada ya kumzika Madam Akiru, zahanati iliniita niondoe picha yake ya eksirei, maana za marehemu hazikai. Nikaandika Akiru na nyota, nikauliza kwanza. Ukaja mstari mzima wa majina, kwa kuwa kwetu msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Akiru. Wengine wote bado wanakuja kutibiwa.

Nikaandika jina lake kamili, bila nyota, na bado nikatanguliza echo. Bila nyota echo hurudisha tu ulichoandika, nilijua hilo. Kompyuta ikamtaja peke yake.

Nikakaa naye kidogo, ndipo nikafuta.