Siku Niliyosema Sikumbuki

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. Ilikuwa Alhamisi, hapa hapa Doha, katika chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kikali, nami nilikuwa na miaka thelathini na moja. Niliulizwa swali fupi mbele ya watu wanane, nikajibu neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la uongo.

Jana ulinipigia simu kwa furaha, ukanieleza kwamba umekabidhiwa watu kumi na mmoja wa kuwaongoza katika kazi ile ile niliyoifanya mimi, ya kuandika programu za kompyuta, na kwamba kati yao mwanamke ni mmoja tu. Nilikupongeza, na pongezi zile zilitoka moyoni. Lakini baada ya kukata simu nikaona kuna jambo unanidai nikuambie. Mama yako analijua. Wewe nilikuficha, kwa sababu hakuna baba anayependa mwanawe amjue kwa ubaya wake. Sasa umekua. Kaa unisikilize.

Enzi hizo minara ya West Bay ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa, na vumbi lake lilikuwa likitufuata mpaka ofisini. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ikitengeneza programu za kuendeshea hoteli. Mimi nilikuwa nimetoka Tanga na cheti changu cha kompyuta, nimehangaika miaka mitatu, mwishowe nikafanywa kiongozi wa waandika programu. Tulikuwa wanaume saba wa nchi tano, na tulielewana vizuri sana. Tulitaniana, tulikula pamoja, tulikunywa pamoja chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki. Kwa namna tulivyojiona, ofisi ile haikupungukiwa na kitu.

Kisha akaja Atieno, msichana wa Kisumu. Alisomea kompyuta chuoni kwao Kenya, lakini kazi aliyoipata Doha ilikuwa ya kusafisha vyumba hotelini. Aliifanya mwaka mmoja na nusu, huku akituma maombi kila mahali. Sisi tulimchukua awe mjaribu wa programu, yaani mtu wa kuitumia kazi yetu kabla ya mteja na kutuonyesha penye kasoro. Alitaka kuandika programu. Nikamwambia, "Tutaangalia, dada," nami sikuangalia kitu.

Nisijifanye mbaya kuliko nilivyokuwa, maana huo nao ni uongo. Nilimpenda kama mdogo wangu. Nilimuuliza kama amekula, nilimwambia asitembee juani mchana, alipopata mafua nilimletea asali. Lakini mkutano ukianza, wa kuandika kumbukumbu alikuwa yeye. Wa kuagiza chai, yeye. Akisema jambo, tulilipita; mmoja wetu akilisema lile lile dakika kumi baadaye, tulisema, "Hapo sawa kabisa!" Nilidhani kwa kuwa mpole kwake nilikuwa nikimheshimu. Mwanangu, mtu unaweza kumletea asali kila siku na bado usimheshimu.

Basi tukapewa kazi kubwa, programu ya kuwagawia wasafishaji vyumba vyao kila asubuhi katika hoteli moja kubwa. Hapo awali msimamizi aligawa kwa mkono. Sisi tukaandika programu iliyohesabu vyumba na kuvigawanya sawa, kila mtu kumi na vinne. Tulijiona mahodari.

Atieno aliitazama siku moja tu, akaja mezani kwangu.

"Bosi, hii kitu itaumiza watu," akasema. "Vyumba haviko sawa. Mgeni akiwa bado anakaa, unatandika, unafuta, dakika ishirini umetoka. Mgeni akiondoka, unavua kila kitu, unasugua bafu lote, ni karibu saa nzima. Sasa mtu akipewa kumi na vinne vya watu wameondoka, atamaliza saa ngapi?"

"Andika kwenye barua pepe," nikamwambia bila kuinua macho.

Akaandika. Ilikuwa barua nzuri, yenye mfano wa mahesabu na njia ya kurekebisha. Niliisoma yote, nikaona ana hoja, nikaona pia kwamba tukimfuata tutachelewa wiki mbili na mimi ndiye nitakayeulizwa. Nikaifunga.

Hakukubali kunyamaza. Mkutanoni aliinua mkono akaeleza tena. Mwenzetu mmoja, Rashidi, hodari sana wa kazi na hodari zaidi wa maneno, akasema, "Huyu dada kiti cha ofisi kakikalia, lakini bado anafikiri kwa ufagio." Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Atieno akainamisha kichwa, akaendelea kuandika kumbukumbu za mkutano. Hata leo najiuliza kama kicheko kile alikiandika.

Programu ikaanza kutumika. Siku tatu mambo yakaenda vizuri. Siku ya nne, kundi kubwa la wageni wa mkutano likaondoka asubuhi moja, na kundi jingine lilikuwa linaingia mchana. Programu ikagawa kumi na vinne, kumi na vinne, kama tulivyoiagiza. Kuna wanawake ambao vyumba vyao vyote kumi na vinne vilikuwa vya wageni walioondoka. Ilipofika saa tisa alasiri, wageni walikuwa wameketi juu ya mabegi yao chini mapokezi, na huko ghorofa ya tisa mwanamke mmoja wa Uganda, Nakato, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameketi wala kunywa maji, alianguka mlangoni mwa chumba chake cha kumi na moja siku hiyo akiwa na mashuka mikononi. Wakampeleka hospitali.

Kesho yake ndiyo Alhamisi ninayokuambia. Mudiri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kampuni kwa Kiarabu cha hapa, alituita sote. Alikuwa ametoka kufokewa na watu wa hoteli, na sasa ilikuwa zamu yake kufoka.

"Nani aliyeijaribu programu hii?"

Macho yote yakamgeukia Atieno.

"Ni mimi," akasema. "Na nilisema haifai. Niliandika."

Mudiri akanigeukia mimi. "Alisema?"

Nilikuwa na kodi ya nyumba, mwanangu, na mama yako alikuwa ana mimba yako. Nataka ulijue hilo, lakini usilichukue kuwa udhuru, kwa sababu Atieno naye alikuwa na mama Kisumu na wadogo zake wawili shuleni. Nilitazama meza. Nikasema, "Sikumbuki."

Atieno hakulia wala hakupandisha sauti. Alinitazama tu, kwa mshangao, kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi anayoipanda kila siku.

"Khalasi," mudiri akasema. "Mwisho wa mwezi arudi kwao."

Siku ya pili, Ijumaa, baada ya sala nilikwenda mtaa wa Najma kama kawaida yangu. Pale palikuwa na nyumba ambapo sisi Waswahili tulikutana kula, na mpishi alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa Kiunguja aliyefanya kazi ya nyumbani kwa familia moja huko Muaither kwa miaka mingi kuliko sote tulivyokaa nchi hii. Siku yake ya mapumziko aliitumia kutupikia sisi. Nilikuwa nikimpenda kama mama mzazi, naye hakunificha kwamba mimi ni kipenzi chake.

Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Njoo jikoni."

Nilimfuata. Alikuwa akipakua pilau, na hakuacha kupakua.

"Jana jioni nilikwenda hospitali kumtazama yule mtoto wa Uganda," akasema. "Hajambo, ameanza kula. Nikamkuta msichana wa Kijaluo amekaa pembeni ya kitanda, anamsuka nywele. Nikamuuliza habari, akanieleza. Hakukutaja kwa ubaya, Hamisi. Kasema bosi wake kasahau. Nikamwambia, yule mimi namjua, yule hasahau hata nani anadaiwa ndimu sokoni. Sasa nakuuliza wewe. Barua yake uliisoma?"

Nikataka kusema mambo mengi. Nikasema, "Niliisoma."

"Ukaielewa?"

"Nikaielewa."

Akaweka mwiko chini. "Mimi kompyuta siijui, wala siitaki uzeeni. Lakini hili nalijua. Aliposema, mlimcheka. Alipohitaji mtu mmoja tu aseme kwamba alisema, wewe ukajisahaulisha. Kwa hiyo mdomo wake mmeufunga mara mbili, na mara ya pili ni mkono wako peke yako. Na mkeo ana mimba. Ukizaa binti, ukampeleka shule, akashinda wote, utampeleka kazini kwa watu gani? Kwa watu kama wewe?"

Hakuna aliyewahi kunipiga kofi likaniuma hivyo. Nilianza kulia palepale kwenye moshi wa pilau, mtu mzima na ndevu zangu. Bi Mwanaidi akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake.

"Haya, usinililie mimi," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole. "Mimi hukunikosea kitu. Kula kwanza, halafu ukafikiri utasema nini Jumapili. Na usiende kumwomba yeye msamaha chemba. Ulimkana mbele ya watu, basi kasemee mbele ya watu."

Jumapili asubuhi niliichapisha ile barua pepe, nakala tisa. Nikamwomba mudiri atuite sote. Nikampa kila mmoja nakala yake, nikasema, "Alhamisi niliulizwa kama Atieno alisema, nikajibu sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Barua hii aliniandikia mimi, na mimi niliisoma. Kosa ni langu." Rashidi alitazama dirishani. Mudiri alisoma barua mpaka mwisho, akairudia. Kisha akaniambia kwamba kuanzia siku ile mimi si kiongozi wa mtu, na kwamba Atieno abaki. Pole hakumpa. Watu wakubwa wengi, mwanangu, pole huwatoka kwa shida.

Nilipotoka nilimkuta Atieno kwenye korido.

"Asante kwa kusema ukweli," akaniambia. "Lakini ilikuchukua siku tatu, Hamisi. Siku tatu mimi nilikuwa napanga vile nitaambia mamangu."

Ndiyo siku ya kwanza aliyoniita kwa jina langu badala ya bosi. Nilimwomba anisamehe. Akasema, "Wacha kwanza tufanye kazi."

Na alifanya kazi. Sehemu ile ya kugawa vyumba aliiandika upya yeye mwenyewe. Kwanza alikwenda hotelini akaketi siku mbili na wasafishaji katika chumba chao cha kubadilishia nguo, akiwauliza, akiandika. Sisi miezi yote hiyo hatukuwahi kumuuliza hata mmoja wao. Alipomaliza, programu haikuhesabu vyumba tena, ilihesabu muda wa kazi ya kila chumba, na ndani yake aliweka nafasi ya mtu kukaa na kunywa maji. Siku ya kuionyesha kwa watu wa hoteli, mudiri akaniambia niieleze mimi kwa kuwa nina uzoefu wa kusimama mbele ya wateja. Nikamjibu kwamba aliyeiandika yupo na ana mdomo. Akaieleza Atieno. Nakato alikuwepo nyuma na wenzake, wameombwa waje kusikiliza, na Atieno alipomaliza wale wanawake walipiga vigelegele katika ukumbi ule wenye mazulia na taa za kioo. Wakubwa wa hoteli hawakujua wafanye nini, basi wakapiga makofi.

Ungependa nikuambie kwamba baada ya hapo yote yalinyooka. Hayakunyooka. Mwaka uliofuata aliondoka. Siku ya kuaga nilimuuliza kwa nini anaondoka, nasi sasa tunamheshimu. Akacheka, akasema, "Mnaniheshimu, ni kweli. Lakini nimechoka kuwa peke yangu. Kila siku nikikosea kitu kidogo, ni wanawake wote wamekosea." Alikwenda kampuni nyingine, akapanda, akawa anaongoza watu wengi, na miongoni mwao aliwaajiri wasichana, tena si mmoja. Msamaha alinipa, lakini alinipa kidogo kidogo kwa miaka, kama mtu anayerudi kwenye nyumba alimoibiwa. Siku hizi mimi humpigia Krismasi, yeye hunipigia Idi, na hutuuliza hali zenu mmoja mmoja. Bi Mwanaidi, Mungu amrehemu, alirudi Unguja na amelala huko.

Sasa nikupe ninachotaka ukishike. Yule mwanamke mmoja katika watu wako kumi na mmoja, msikilize anapozungumzia kazi, na akisema jambo la maana, litaje kuwa ni lake, kwa jina lake, mbele ya wote. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe kwa zamu, na zamu ianze na wewe. Mtu akimfanyia mzaha wa kumdharau, usisubiri achukie yeye. Wewe ndiye mkubwa, kataa wewe. Usimtume chai. Na nafasi ikitokea, tafuta mwanamke wa pili, na wa tatu, kwa sababu wako na wamesoma, ila milango yetu imezoea kufunguka tukiona nyuso zinazofanana na zetu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, damu yako ni yangu, basi usingoje siku tatu. Sema siku ile ile, na useme pale pale ulipokosea, hata kama sauti inatetemeka.

Nenda kazini, mwanangu. Mola akupe riziki ya halali na usingizi wa amani. Akuzungushie watu wasioogopa kukwambia kweli, na akujaalie wale walio chini ya mkono wako waende makwao jioni wakiwa wazima na wenye furaha. Radhi zangu na za mama yako unazo, leo na daima.