Feni ya Mwalimu Harcharan

Gari likisimama, maji yanapoa. Likitembea, yanachemka. Yeyote aliyewahi kushinda gereji hata wiki moja anajua hilo haliwezekani. Gari linalotembea hupata upepo wa bure. Foleni ndiyo inayoua injini. Lakini Alhamisi ile, kwenye barabara ya kwenda Gopeng, tuliuona mshale wa joto ukipanda kila Mwalimu Harcharan alipokanyaga mafuta, na kushuka kila alipoegesha pembeni. Tulijaribu mara tatu. Mara ya tatu Mwalimu alizima gari, akaweka mikono mapajani, akabaki anatazama mbele kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni wake.

Dada Lida alikuwa amekaa kando yake. Feni ilikuwa kazi yake.

Norlida, ndilo jina lake kamili, ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka ishirini na miwili alivuta nyaya za umeme majumbani, kwanza na baba yake, halafu peke yake. Nusu ya nyumba mpya za upande wa Lahat zina swichi zilizofungwa na mkono wake. Magoti yalipochoka kupanda darini, alikuja kwenye gereji ya Bosi Foong, hapa Menglembu, kuomba kazi ya umeme wa magari. Foong akampa taa, redio, ving'ora na vioo vya madirisha. Injini hapana. "Injini si balbu, Dada Lida," alimwambia, na miaka mitatu ikapita hivyo. Mimi nilitoka chuoni na cheti changu cha uhandisi nikapewa injini wiki ya kwanza. Nilidhani ni haki yangu. Leo hilo linanishangaza kuliko mshale wa joto.

Mwalimu Harcharan alisomesha hesabu Ipoh miaka thelathini. Foong mwenyewe alipita mikononi mwake. Alipostaafu alinunua gari dogo la michezo la Kijapani, la chini kiasi kwamba kilemba chake kinagusa paa, akalitia injini ya silinda sita yenye turbo mbili. Injini aliipata kwenye nusu gari, mojawapo ya yale yanayokatwa katikati huko Japani na kuletwa kwetu upande wa mbele tu. Ilikuwa ndefu mno. Kati ya pua yake na rejeta, inayopoza maji, ilibaki nafasi ya vidole vinne, na feni ya asili, ile inayozungushwa na injini yenyewe, haikuingia. Jumamosi klabu yake ya magari ilikuwa inapanda Cameron, na mlima ule haumwonei mtu huruma. Ilibidi feni ya umeme, na mtu wa umeme tulikuwa naye mmoja.

"Haya, Dada Lida," alisema Foong. "Chagua, funga. Maji yakichemka unarudi kwenye ving'ora, na sitaki kukusikia tena ukitaja injini."

Mwalimu alikuja na feni zake mkononi: mbili, ndogo, nyembamba, nyekundu, zinang'aa.

"Mbili ni nyingi kuliko moja," alisema. "Hesabu ya chekechea hiyo."

"Kweli, Mwalimu. Lakini hizi hazina kava." Dada Lida alipitisha kiganja juu ya rejeta. "Zitavuta hapa na hapa. Pembe zote hizi zitabaki zimelala. Mimi nataka moja kubwa, yenye kava linalofunika rejeta nzima. Ikae nyuma, ivute hewa ipite kote."

"Na itapendeza?"

"Mwalimu unataka kupanda Cameron, au unataka kupiga picha?"

Spana zilibaki hewani. Mwalimu Harcharan hajibiwi hivyo. Katika mji huu ukimkuta amesimama kivulini akisema ni jua, watu wanavaa miwani ya jua. Alimtazama, akacheka, akazirudisha feni zake kwenye boksi.

Dada Lida alikwenda yadi ya nusu magari, akapima feni kumi na moja kwa utepe, akarudi na moja yenye unene wa vidole vitatu. Aliifunga siku nzima, na swichi yake ya rilei na fyuzi yake, nyaya zimelazwa sawasawa kama zinaingia ukutani. Tulipoiwasha ilinguruma, na upepo ukatoka kwenye bampa ukatupiga tumboni.

"Ala! Kimbunga hiki!" alisema Bidin, fundi wetu wa injini.

Foong akaweka mkono mbele ya bampa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu akaweka mkono. Mimi nikaweka mkono, nikasema ni safi kabisa.

Kisha ikaja Alhamisi ya Gopeng.

Tulirudi taratibu, tukisimama kila kilomita mbili. Foong alisikiliza habari yetu akiwa amekunja mikono. "Gasketi ya silinda hedi imekwenda," alisema. "Kesho tunafungua injini."

"Injini hiyo niliisubiri miaka minne," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kumsikia na sauti ndogo.

"Dada Lida," aliita Bidin, "ngazi yako ungali nayo? Dari zinakuulizia."

"Ninayo. Nitakuachia uegemee ukichoka kusema."

Alijibu, lakini uso ulikuwa umempauka. Mimi nilitoa nadharia tatu za kilichotokea, zote kwa ufasaha, zote upuuzi.

Asubuhi ya Ijumaa Foong aliwasha injini ili aisikilize kabla ya kuifungua, akaiacha ipate moto, akavuka barabara na Mwalimu kwenda kunywa kahawa. Dada Lida alikuwa amesimama mbele ya gari anamalizia wali wake wa tui. Feni ikajiwasha. Alitazama bampa, akatazama karatasi ya kahawia iliyofungiwa wali, akaisogeza mbele ya rejeta na kuiachia.

Feni inayovuta ingeinasa karatasi ile kwenye rejeta kama stempu kwenye bahasha. Karatasi iliruka, ikampiga kifuani, ikampaka pilipili kwenye mtandio.

Hakujifuta. Aliinama, akaangalia mahali nyaya zinapoingia kwenye feni.

"Mdogo wangu," aliniita. "Kwenye nyumba, waya wa bluu ni upi?"

"Wa kurudi."

"Wa kurudi. Nyumba zote. Hata nikifumba macho najua." Alishika nyaya mbili za feni, mmoja wa bluu, mmoja mweusi. "Hawa Wajapani, wa bluu ndio wanaoutia moto. Mweusi ndio wa kurudi. Mkono wangu haukuuliza. Nimeifunga kinyume, inapuliza mbele."

Gari likitembea, upepo wa barabarani unaingia na upepo wa feni unatoka, vinakutana ndani ya rejeta, hewa inasimama. Gari likisimama, feni inapuliza peke yake na maji yanapoa. Kila kitu kilikuwa wazi tangu mwanzo. Tulisimama pale watu watano, upepo wa moto ukitupiga matumbo, upepo ambao ungepaswa kuwa unaingia, na tukaupigia makofi!

"Geuza," nilimnong'oneza. "Dakika mbili. Bosi hayupo. Tutasema ilikuwa thamostati."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, mimi ninayewahubiria watu ukweli kila siku. Dada Lida alizima gari na kuweka spana chini. Hakugusa waya hata mmoja mpaka Foong na Mwalimu waliporudi.

"Injini ya Mwalimu ni nzima," aliwaambia. "Feni nimeifunga kinyume. Ni mimi."

Foong aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Unasema mbele ya mteja? Si ungegeuza ukanyamaza! Watu wakisikia kwa Foong feni zinafungwa kinyume, nani ataleta gari hapa? Basi. Rudi kwenye ving'ora."

Nilidhani sijasikia vizuri. Kosa la waya lilikuwa limemkera kidogo. Ukweli ndio uliomkasirisha.

"Foong," alisema Mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Juzi nani aliweka mkono hapa akaridhika?"

Foong alianza kujifuta mikono kwa kitambaa.

"Na nani alitaka kuipasua injini yangu asubuhi hii?"

"Mwalimu, mimi..."

"Darasani ulikuwa ukikosea unafuta jibu kabla sijafika kwenye dawati lako. Ulifuta mpaka daftari likatoboka. Nikawa nasahihisha matundu." Bidin alicheka, akajifanya anakohoa. "Huyu ameniachia kosa lake nilisome. Lida, geuza hizo nyaya. Kesho unakaa mbele pamoja nami."

Jumamosi tulipanda kwa njia ya Simpang Pulai, Foong akifuata nyuma na gari la kukokota magari mabovu, kamba iko tayari. Kona baada ya kona mshale ulisimama katikati kama umegandishwa. Dada Lida hakuangalia milima hata mara moja, aliangalia mshale. Tulipofika juu, kwenye baridi, alitoka nje, akakaa kwenye jiwe, ndipo akainua macho kuitazama milima.

Foong hakuomba radhi. Watu wa hapa hatuombani radhi, na hilo nalo linanichoma. Lakini Jumatatu aliisukuma mwenyewe hadi mbele ya meza ya Dada Lida injini iliyokuwa juu ya toroli.

"Hii nayo," alisema bila kumtazama. "Na rangi za waya, uliza kwanza."

"Nimuulize nani, Bosi? Nyote mlisema upepo mzuri."